Shemeji Ananiuzia Baiskeli Yake, Lakini Miguu Haifiki Chini

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni muuguzi wa miaka 36, naishi Kahawa West na mume wangu na watoto wawili. Kazini kuna kundi la wenzangu ambao Jumamosi moja moja huenda Msitu wa Karura na baiskeli, na wakijisikia wana nguvu hupanda hadi Tigoni kwenye mashamba ya chai. Nimeandamana nao Karura kwa baiskeli za kukodi na nimenogewa. Sasa wanapanga Ngong Hills mvua zikiisha, nami nataka kuwa na yangu. Simo kwenye mashindano. Nitaiendesha mara moja au mbili kwa mwezi, siku ambazo siko zamu.

Baiskeli si kitu kigeni kwangu. Nilijifunzia ile Black Mamba ya babu kule Busia, mguu mmoja nikiupitisha chini ya chuma cha juu kwa sababu sikufikia kiti. Lakini hizi za gia na diski sizijui.

Zamu yangu ya chama imefika na nina shilingi 40,000. Mume wangu amesema waziwazi kwamba hakuna nyingine itakayotoka. Nina njia tatu, na kila moja ina wakili wake.

Ya kwanza ni mpya kabisa, iko kwenye duka moja mjini, 32,000. Ina shokomzoba mbele na nyuma, diski magurudumu yote mawili, gia 21. Mwenzangu mmoja ananiambia hiyo ndiyo ya porini, nyingine zote ni za kwenda sokoni.

Ya pili ni ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ni Trek ya inchi 29, shokomzoba ya mbele tu, breki za mafuta, na ameitunza vizuri. Anataka 45,000, lakini kwa kuwa ni mimi atachukua 40,000, hata kwa awamu. Tatizo ni kwamba fremu imeandikwa L. Mimi nina futi tano na inchi tatu, kilo 58, na nikiisimamia ni vidole tu vinavyogusa chini. Shemeji anasema tutashusha kiti, tutabadilisha kile kipande kinachoshika usukani, na nitazoea. Mume wangu anasema nikikataa nitakuwa nimemdharau mdogo wake, na zaidi ya hayo ni pesa inayobaki nyumbani.

Ya tatu ni mtumba wa Uingereza. Fundi wa hapa mtaani anamjua mtu anayefungua kontena, na bei ni kati ya 20,000 na 30,000. Nikimuuliza fundi nitazame nini, ananijibu, "Chukua yenye gia nyingi."

Mjomba, nichukue ipi? Na shemeji nimwambieje?

Muuguzi, Kahawa West

JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na la shemeji kwa sababu ndilo linalokukosesha usingizi. Usiinunue. Huenda hiyo Trek ndiyo baiskeli bora kuliko zote ulizozitaja, na bado usiinunue. Fremu ya L hutengenezewa mtu wa kama sentimita 178 hadi 188. Wewe una 160. Kushusha kiti kunarekebisha umbali wa mguu hadi kwenye pedali, basi. Umbali wa kutoka kitini hadi kwenye usukani unabaki palepale. Hicho kipande cha kushika usukani ukiweka kifupi utapata sentimita mbili tatu, ilhali pengo lako ni kubwa kuliko hapo. Kwenye lami ungevumilia, ungelipa kwa mabega na kiuno tu. Porini ni habari nyingine. Ukiteremka kwenye mawe unatakiwa uinuke kitini, urudishe makalio nyuma na mikono ibaki imekunjika, na mwenye fremu iliyomzidi huteremka mikono imenyooka kama fimbo, asiweze kuigeuza baiskeli wala kufyonza mtikiso. Kisha ukisimama ghafla mtelemkoni, mguu unaenda upande wa bondeni ambako ardhi iko chini zaidi, na chuma cha juu kinakupokea mahali pabaya. Pale Busia ulipitisha mguu chini ya chuma kwa sababu hukuwa na la kufanya. Leo una shilingi 40,000.

Sasa namna ya kumwambia. Usitaje bei, na usiitie dosari baiskeli yake. Mwombe aishike mbele yako, uisimamie ukiwa na viatu vya kuendeshea, akuangalie mwenyewe. Kwa fremu inayokufaa, nyayo zote mbili zinalala chini na kati yako na chuma cha juu panabaki nafasi ya sentimita tano au zaidi. Anayeipenda baiskeli ataona bila kuhubiriwa. Halafu mwombe jambo moja: siku ya kwenda kuchagua mtumba, mfuatane naye. Hapo heshima yake imekaa sawa, nawe umepata jicho linalojua. Mumeo naye mkumbushe kwamba mnunuzi mwenye kimo cha L atamlipa mdogo wake zile 45,000 alizozitaka. Hiyo bei ya undugu inamtia hasara.

La duka nitalipitia haraka. Shokomzoba ya nyuma iliyo nzuri ni kifaa cha gharama, kina mafuta ndani ya kuituliza isirukeruke. Katika baiskeli ya 32,000 utakuta springi tupu. Inakurusha unapoteremka, na unapopanda inameza nguvu zako kila unapokanyaga pedali. Juu ya hayo kuna viungio vinavyolegea na kuanza kulia, na uzito ambao utausukuma kwa mikono huko Ngong. Mtengenezaji hakuwa na pesa za kutosha, akazitandaza kwenye vitu vinavyoonekana dirishani. Ungempa mtengenezaji yuleyule bei ileile aondoe shokomzoba ya nyuma, angebakiwa na kitu cha kuweka kwenye magurudumu na breki. Huyo mwenzako mwambie kwamba hizi za shokomzoba moja, ambazo vijana huziita hadteli, ndizo ambazo watu wengi huendesha Karura na Hell's Gate.

Kuna ubaya mwingine wa ile ya dukani, na ndio unaonitia wasiwasi zaidi kwa sababu hauonekani. Baiskeli za gia saba nyuma, yaani zile za 21, mara nyingi hutumia friwili, kile kifungu cha meno kinachofungwa kwa skrubu juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ubaya wake ni kwamba beringi ya upande wa cheni inakaa ndani sana, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila kitu cha kukishikilia. Ukiipigapiga kwenye mawe, ekseli inapinda au inavunjika. Mpango mwingine wa kufunga meno ya nyuma, uitwao kaseti, umesogeza beringi hiyo nje karibu na fremu, na tatizo limeisha. Kutofautisha ni rahisi. Zungusha meno ya nyuma kinyume na mwendo huku ukitazama ile pete ya katikati yenye mifereji ya kuingizia kifaa cha fundi. Pete ikizunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti. Meno yakizunguka na pete ikasimama, ni friwili. Kwa baiskeli ya sokoni friwili haina neno. Kwa Ngong mimi nataka kaseti, yenye maduara ya meno manane au zaidi, yaani gia nane nyuma.

Kwa hiyo umebaki na mtumba, na sikupeleki huko kwa kukosa pengine. Kwa pesa yako, hadteli iliyotumika ambayo ilikuwa nzuri tangu mwanzo itaishinda mpya iliyozaliwa dhaifu. Kwenye makontena ya Uingereza utakutana sana na majina Apollo na Carrera. Yote mawili ni ya Halfords, duka kubwa la huko la vifaa vya magari na baiskeli, lakini si ya daraja moja: Apollo ni ya bei ya chini, Carrera iko ngazi moja juu na kwa kawaida hubeba vifaa vizuri zaidi. Muuzaji akikuambia ni kitu kimoja, nyamaza tu. Ukikuta Trek, Giant, Specialized, Merida au Scott ya kimo chako, tazama kwa makini, ila usilipie jina. Kuna Giant iliyochoka isiyofikia Carrera iliyolala stoo.

Kimo kwanza. Tafuta S, au fremu iliyoandikwa inchi 15 au 16. Magurudumu ya inchi 26 au 27.5 yatakukalia vizuri. Watengenezaji wengine wenyewe huziwekea fremu ndogo 27.5 hata pale ambapo kubwa za aina hiyohiyo zina 29. Faida ya 26 hapa Nairobi ni kwamba tyubu yake hukosi kwa fundi yeyote wa kando ya barabara. Na usitegemee mdomo wa muuzaji, soma ubavu wa tairi. Utaona namba kama 54-559 au 54-584. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu: 559 ni inchi 26, 584 ni 27.5, na 622 ni 29. Ukienda kununua tyubu na namba hizo, hakuna atakayekupoteza.

Sasa hizo "gia nyingi" za fundi wako. Idadi haikusaidii kwa sababu katika gia 24 nyingi zinarudiana, mchanganyiko tofauti unakupa uzito uleule. Kinachokupandisha mlima ni gia nyepesi kuliko zote. Hesabu meno ya duara dogo la mbele na ya duara kubwa la nyuma. Mbele 22 na nyuma 32 au 34, utapanda Ngong ukiwa umeketi, tena bila kuona haya ya mtu. Ukikuta yenye duara moja tu mbele, la meno 32, nyuma hakikisha kuna 42 au zaidi, la sivyo utaikokota. Vifaa vya Shimano vina ngazi zake: Tourney ndiyo ya chini, kisha Altus, Acera, Alivio, halafu Deore. Kwa mara mbili kwa mwezi, Altus au Acera iliyo hai inakutosha kabisa. Anayekuambia lazima Deore anakutumia kujisifu.

Breki nitakaa nazo kidogo. Zile za mipira inayobana rimu zinafanya kazi vizuri siku za jua, na Karura kwenye changarawe kavu hutajutia. Shida ni mvua. Udongo mwekundu wa Kiambu na Tigoni ukilowa unaganda kwenye mipira na kuisaga rimu kama msasa, na huo mweusi wa upande wa Athi River unajaza kila upenyo hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Ukipata diski, chukua diski. Za waya zinatosha na fundi yeyote anaweza kuzikaza. Za mafuta zinashika kwa kidole kimoja, na kwa mkono mdogo huo ni msaada mkubwa, lakini zina mtego mmoja. Breki za Shimano na Tektro hutumia mafuta ya madini. Nyingi za Avid na SRAM hutumia ile DOT, mafuta ya breki kama ya gari au pikipiki. Fundi wa pikipiki akimimina DOT yake ndani ya breki ya Shimano, sili za mpira zinaharibika na breki inakufa, pengine ukiwa mtelemkoni. Jina limeandikwa kwenye mkono wa breki. Lisome, umwambie kabla hajafungua chupa.

Na kwa kuwa baiskeli inatoka Uingereza: kule mkono wa kulia ndio wa breki ya mbele, na baiskeli nyingi za kwingine zimefungwa kinyume. Zijaribu zote mbili polepole uwanjani kabla hujateremka popote.

Shokomzoba ya mbele nimeiacha mwisho makusudi, ingawa wauzaji huanza nayo. Zile za springi za bei nafuu, kama SR Suntour XCT, zina uzito wa zaidi ya kilo mbili, na springi yake mara nyingi ni ngumu kwa mtu wa kilo 58, kwa hiyo utabeba chuma kisichokufanyia kazi. Kaa kitini uone: ikishuka kidogo kwa uzito wako, ni nzuri. Isiposhuka hata kidogo, ina kutu ndani au si saizi yako. Shika breki ya mbele, ibonyeze kwa nguvu, isikilize inaporudi. Mlio wa chuma kugonga chuma haufai. Pitisha ukucha kwenye mabomba yanayong'aa, na ukisikia vishimo vya kutu, shusha bei au ondoka. Lakini ukikuta fremu ya kimo chako, kaseti, breki nzuri, na shokomzoba ya wastani tu, nunua. Njia kubwa za Karura hata baiskeli isiyo na shokomzoba inapita.

Siku ya kununua, mshike shemeji mkono na mfanye haya kabla ya kuzungumza bei. Shika breki ya mbele, isukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mchezo shingoni mwa usukani, beringi zimelegea au zimeisha. Shika mkono wa pedali, utikise kuelekea kwenye fremu na kutoka, nako kusiwe na mchezo. Zungusha kila gurudumu ukitazama kama linayumba. Gongagonga spoki, iliyolegea inajitaja yenyewe. Chunguza viungo vya fremu, hasa nyuma ya shingo ya usukani, kama kuna mstari wa ufa kwenye rangi. Ufa kwenye fremu ya alumini haukarabatiwi kwa fundi wa kuchomelea mageti, achana nayo. Vuta nguzo ya kiti. Ikiwa imeng'ang'ania ndani ya fremu, kimo cha kiti chako hakitapatikana kamwe.

Cheni ipime kwa rula ya shule ya mtoto. Weka katikati ya pini ya kwanza kwenye sifuri, na pini ya 25 inapaswa kulala juu ya inchi 12 kamili. Ikipita kwa moja ya kumi na sita, cheni inahitaji kubadilishwa. Ikipita kwa moja ya nane, huenda meno ya nyuma nayo yameliwa, na hiyo ni gharama ya kuondoa kwenye bei. Kisha pindua baiskeli uone namba iliyogongwa chini ya fremu, pale ekseli ya pedali inapopita. Iandikwe kwenye risiti pamoja na jina na namba ya simu ya muuzaji. Ikiwa namba imekwanguliwa, usijadiliane. Kushika mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na "sikujua" ni vigumu kuamini ikitoka kwa mtu aliyenunua kitu chenye namba iliyofutwa.

Usiimalize 40,000 yote kwenye baiskeli. Mimi ningeiwekea mpaka wa 28,000. Zinazobaki zina kazi: helmeti inayokubana vizuri, cheni na nyaya mpya, pedi za breki, fundi wa kuifungua yote na kutia grisi, tyubu mbili za akiba, viraka, pampu, na matairi kama yaliyopo yamepasukapasuka ubavuni. Matairi ya mtumba yaliyokaa kwenye kontena hupasuka hivyo hata kama meno yake bado marefu.

Na upepo! Mafundi wetu hujaza tairi hadi liwe gumu kama jiwe, na hapo mtu analaumu shokomzoba. Kwa uzito wako na tairi la upana wa inchi 2.1, anza na psi 28 hivi porini, 40 ukiwa kwenye lami, bila kutoka nje ya viwango vilivyoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi likiwa laini kiasi linafyonza vijiwe vidogo na linashika udongo. Ukishuka chini sana tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na utapata pancha ya matundu mawili sambamba, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo. Kama valvu ni nene kama ya gari, hata kituo cha petroli kitakujazia, ila simama hapo na umwambie kijana kiasi unachotaka.

Kwa sasa usiifikishe Northern Bypass peke yako alfajiri, yale malori hayana subira. Panda nayo matatu hadi karibu na geti la Karura, ukubaliane na makanga nauli ya baiskeli kabla haijapanda juu. Zunguka hapo Jumamosi kadhaa, kila kitu kikaze na kulegea kinavyotaka, urudi kwa fundi, ndipo uende Ngong. Kilele cha kule kiko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na upepo wake hukusukuma ubavuni, kwa hiyo siku ya kwanza wenzako wakipanda kwa kasi, waache watangulie, ubaki kwenye lile duara dogo la meno 22.

Mjomba